Harusi Mbili za Ndella Gueye

Siku ndoa yake ilipofungwa, Ndella Gueye alikuwa uani kwa baba yake, mjini Thiès, akichekecha unga wa mizizi ya udi. Saa hakuijua. Wanaume walikuwa wamekwenda msikitini kuswali alasiri, na baada ya sala wakabaki: baba yake upande mmoja, na upande wa pili Lamine Thioune, fundi wa pampu, aliyekaa badala ya bwana harusi. Bwana harusi mwenyewe alikuwa kwao ng'ambo, kaskazini ya mbali, akimuuguza mama yake. Maneno yakasemwa, mahari ikatajwa, Fatiha ikasomwa, kokwa za kola zikagawiwa watu wakatafuna. Shangazi Oumy akaingia uani na vigelegele, akamwambia, "Haya, umeolewa." Ndella akasema alhamdulillahi, akaendelea na chekecheke lake, maana udi ukiachwa nusu hupoteza harufu.

Ndivyo alivyoolewa mama yake, na bibi yake vilevile. Bibi harusi kwenda kukaa msikitini akisikiliza anavyojadiliwa, huo ungekuwa utovu wa adabu. Ndoa ilikuwa neno la watu wazima kwa watu wazima. Wanaooana huletewa habari, kama mtu anavyoletewa chakula kilichokwisha iva. Neno hilo lilitosha. Lilikuwa na uzito kushinda chuma cha reli. Siku hizi hata reli yenyewe imeota majani, na wazee walioitengeneza, kama Baba Mactar, babake Ndella, wanakaa vibarazani wakisikiliza treni ambayo haiji.

Ndella alikuwa amepita miaka thelathini. Wachumba walikuja zamani, wakamkuta anamuuguza mama yake, wakasubiri, wakachoka. Mama alipofariki, wachumba walikuwa na watoto wa shule. Akabaki na udi wake. Sokoni meza yake ilijulikana kwa pua kabla ya macho, na wanawake walitoka hata Tivaouane kuja kununua ule alioupa jina la "Mume Harudi Kazini".

Eivind, bwana harusi huyo, alikuja kufunga pampu za maji vijijini. Lamine alimpeleka sokoni kununua zawadi. Mgeni akainamia chetezo, akanusa, akapiga chafya mfululizo hadi machozi yakamtoka, na wanawake wa meza za jirani wakamwita Chafya papo hapo. Wiki iliyofuata Chafya akarudi, akapiga chafya tena, akanunua tena. "Huyu, udi haumpendi," akasema muuza bizari. "Basi ni mwingine anayempenda." Mwishowe alisilimu, akatuma kola kwa Baba Mactar kupitia kwa Lamine, kama inavyotakiwa. Mzee alimwuliza Lamine maswali kuhusu ukoo wa mtu huyo, akajibiwa kwamba babu yake naye alikuwa wa reli. Hapo mzee akaacha kuuliza.

Baada ya ndoa Eivind alirudi Thiès, akaishi nyumbani kwa mkwewe masika yote. Alijifunza kula kwa mkono katika sinia moja na wanaume, alijifunza kusalimia kwa marefu bila kutazama saa. Kisha hali ya mama yake ikazidi, naye hakuwa na ndugu, akalazimika kurudi kwao. Ikawa ni Ndella kumfuata mumewe, na ili amfuate, serikali ya huko ilitaka ijue kwanza kama kweli ni mume.

Karibu na stesheni kulikuwa na kijana aitwaye Wagane, mwenye kompyuta moja na maneno ya kompyuta kumi, aliyewajazia watu maombi ya safari. Ndella akampelekea picha za harusi. Wagane akazipanga mezani: wazee wamekaa safu kwa safu katika kanzu zao pana, viatu mlangoni, Baba Mactar amefumbua viganja, Lamine Thioune shavu limevimba kola.

"Mume ni huyu?"

"Huyo alimwakilisha."

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi nilikuwa nyumbani."

"Na mume?"

"Kwao."

Wagane akashika kichwa. "Dada yangu, sasa hapa waliooana ni nani? Hawa wazee?"

Akamweleza kwamba watu wa ofisi ile hawaelezwi, wanaonyeshwa. Wanataka gauni jeupe, keki, mume amemshika mke kiuno. Ndella alirudi nyumbani kichwa kimemjaa moshi. Alijua ameolewa kama anavyojua jina lake, lakini sasa alijaribu kuitafuta siku ile katika kumbukumbu yake, asione kitu ila chekecheke.

Eivind alipokuja likizo, Ndella akampigia hesabu hiyo ya Wagane. Eivind alisema labda waandike tu jinsi mambo yalivyokuwa. Akaulizwa kati yake na Wagane ni nani anayeijua biashara ya karatasi, akatoa pochi. Wakakodi ukumbi. Gauni lilikuwa kubwa, likabanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, na Ndella akakatazwa kugeuka. Keki ya ghorofa nne ilikuwa maboksi yaliyopakwa krimu. Ghorofa ya juu tu ndiyo iliyolika. Baba Mactar alikataa kwenda.

"Nimeshamwoza," alimwambia dada yake Oumy. "Nikimwoza leo, siku ile nilikuwa nafanya nini? Nacheza?"

Mtaani nako hakukueleweka. Mtu aliyeona gauni likipita alisema Ndella aliachwa kisirisiri na sasa amerudiwa. Mwanamke mmoja akaja kumpa pole mzee kwa talaka, akiwa na sukari ya pole, na alipoambiwa hakuna talaka akabaki amesimama, hajui sukari airudishe au aiache. Shangazi Oumy mwenyewe, aliyejua yote, aliuliza kwa sauti ya chini kama wanawake wa ukoo wapewe vitambaa tena au vile vya kwanza vinahesabika.

Ukumbini, Ndella alikalishwa kiti kimoja na mumewe mbele za watu, jambo ambalo halijawahi kumpata. Watu wakapiga makofi. Machozi yakamtoka. Hakujua analia nini: harusi ilikuwa ya maboksi, na mkono uliomshika ulikuwa wa mumewe wa kweli.

Wagane akatuma picha zote, za wazee na za gauni, akisema wingi haudhuru. Ndella akaitwa Dakar kuhojiwa.

Mhoji alikuwa mama mwenye miwani myembamba, mpole wa sura. Pembeni alikaa mkalimani, mtu wa makamo, jina lake Seck. Sasa mtu yeyote wa kwetu anajua kwamba Seck na Gueye ni watani tangu mababu, na mtani humwachi akapita hivihivi. Seck alipolisoma jina kwenye faili, uso ukamchangamka.

"Gueye! Ndiyo maana mlango umelia. Asubuhi umekula sinia ngapi?"

Ndella alikuwa amekuja na hofu tangu nyumbani. Kusikia utani kukamrudishia pumzi. "Seck, mtumwa wangu, nani kakuruhusu kukaa kwenye kiti? Niache nimalize na huyu mama, halafu ukanifulie."

Wakacheka wote wawili. Mhoji hakucheka. Aliuliza kama wanafahamiana. Seck akasema hapana, hajapata kumwona. Akaulizwa huyu bibi amesema nini hata akacheka. Seck akapangusa paji la uso, na kwa kuwa aliapa kutafsiri kila neno, akatafsiri. Mhoji akaandika kwa kirefu. Seck akajitahidi kumweleza habari za mababu, na kadiri alivyoeleza ndivyo yule mama alivyozidi kuandika. Dunia imefika mahali utani unahitaji wakili.

Kisha yakaja maswali yenyewe. Kwa nini kuna harusi mbili, zenye mwaka katikati? Ipi ni harusi?

"Ya msikitini," akasema Ndella.

Ulikuwepo? Hapana. Mumeo? Hapana. Nani alikuwepo? Kina baba. Na hii ya gauni, nyote wawili mlikuwepo? Ndiyo. Basi kumbe hii ndiyo harusi? Hapana, hiyo ni ya picha.

Mhoji akavua miwani. Alisema jambo taratibu, na Seck akalitafsiri bila kumtazama Ndella usoni: "Anauliza, kwa nini mlifanya harusi ambayo si harusi?"

"Kwa sababu ninyi mliitaka," akasema Ndella. "Sisi tulikuwa tumekwisha oana."

Aliona jibu lake limenyooka. Alimtazama mama yule akitegemea na yeye ataliona hivyo. Wakatazamana kama watu wawili waliosimama ng'ambo mbili za mto, kila mmoja akimpungia mwenzake avuke.

Jibu lilikuja limekataa. Ndoa ambayo wote wawili hawakuhudhuria, lilisema, kwao haihesabiki; na ile waliyohudhuria, mwombaji mwenyewe ametamka kuwa ilikuwa ya picha. Kwa hiyo mwombaji si mke wa mtu. Ndella alimsomea baba yake, akilitafsiri neno kwa neno. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Wanasema nilisema uongo?"

"Hapana, Baba. Wanasema hukusema kitu."

Mzee akafikiri. Neno la kuitwa mwongo angeweza kulijibu. Hili hakujua pa kulishika.

Wagane, ambaye hakuona haya kupokea wateja, alikuwa na dawa nyingine. Waende manispaa, wafunge ndoa ya serikali mbele ya karani, wote wawili wakiwa wamesimama pale. Hiyo haikataliwi popote. Ila wasithubutu kutaja msikiti. Wakisema walikwisha oana, karani hatawaoza. Ataandika tu kuwa ndoa ilifungwa siku ile, mbele ya wazee wale, na mambo yatarudi palepale. Karani atamwuliza Ndella kama amewahi kuolewa. Aseme hajaolewa.

"Na yale masika tuliyokaa nyumba moja na mume wangu?" akauliza Ndella. "Chini ya paa la baba yangu? Tulikuwa nani?"

"Karani haulizi masika," akasema Wagane.

Alimwambia baba yake mwenyewe, baada ya chakula cha mchana, macho chini. Hakuomba ruhusa wala hakusema ameamua. Alieleza tu, hadi mahali pa kusema hajaolewa. Mzee aliuliza siku gani. Hakuuliza lingine. Ndella akachukulia kwamba hatakuja, akaona afadhali, maana neno lile angeweza kulisema mbele ya karani, mbele ya Lamine, mbele ya Shangazi Oumy, hata mbele ya mlango wa msikiti. Si mbele ya baba yake.

Siku hiyo Baba Mactar alikuja. Alivaa kanzu ya Idi, akaketi benchi ya mbele, fimbo katikati ya magoti. Eivind, aliyefika juzi yake, alisimama kumpa salamu ndefu aliyofundishwa. Mzee akaijibu yote, hakuruka neno.

Karani alikuwa kijana mwenye haraka. Akasoma majina, akamgeukia Ndella. "Umewahi kuolewa?"

 Ndella akamgeukia baba yake. Si kwa kusudi, ni mazoea. Neno la ndoa yake halijawahi kupita kinywani mwake, lilipita kinywani mwa yule. Lamine naye akamtazama mzee, Shangazi Oumy akamtazama, na karani, alipoona wote wanatazama huko, akamwuliza: "Mzee, binti yako amewahi kuolewa?"

Baba Mactar akainua kichwa.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Safari hii yupo."

Hakusema kwa ukali. Ndella alingoja kama kuna neno litafuata, la kumzuia au la kumruhusu, lakini mzee alikuwa amemaliza. Akamfikiria yule mama mgonjwa asiyemjua, katika nchi asiyoiwazia vizuri, na mwanamume anayepika peke yake jioni. Akasema, "Sijaolewa," kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Karani akaandika. Maswali mengine yakapita, Eivind akajibu yake, na muda mfupi tu baadaye wakaambiwa kuwa sasa ni mume na mke. Shangazi Oumy akaanza kigelegele, akakikata katikati, akakianza tena. Akatakiwa shahidi wa upande wa bibi harusi. Lamine akainuka, lakini Baba Mactar alikuwa ameshafika mezani. Akaishika kalamu kama alivyoshika nyundo zamani karakanani, akatia sahihi polepole, akapuliza wino ukauke ingawa wino wa kalamu ile haukuhitaji kupulizwa.

Nje, kwenye ngazi, Eivind alimfuata na kumshika mkono kwa mikono miwili. Mzee hakuuondoa mkono, ila akamkazia macho.

"Wewe ni nani wangu?"

"Mkweo, Baba."

"Tangu lini?"

Ndella alisimama nyuma yao. Siku hii ya karani ingekuwa sahihi, na siku ile ya alasiri ingekuwa sahihi, na kila moja ilimfanya mtu fulani kuwa mwongo. Eivind akayapanga maneno kwa lugha yetu aliyoiokota sokoni na siniani.

"Tangu siku ya kola msikitini," akasema.

Baba Mactar akageuka kutazama nyuma, kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Punguza sauti," akasema. "Karani hajaondoka."

Akaanza kushuka ngazi, na mkono wa mkwewe akaushikilia.