Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Kwetu Wakurya mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake, hampi mkono wala hamtazami usoni. Ndiyo maana siku ile nilimpeleka mjini Mugumu akiwa kiti cha nyuma, na kioo cha ndani nimekigeuza kisinionyeshe uso wake. Mke wangu alikuwa ametangulia kwa basi kutushikia foleni hospitalini. Madaktari wa macho waliotoka mbali walikuwa wanamaliza kazi siku hiyo hiyo, na mama alikuwa haoni zaidi ya vivuli.

Tulipokiacha kijiji cha Machochwe, gari langu kuukuu likazima. Nikalaani mafuta ya chupa na aliyeniuzia, nikabadilisha fyuzi, nikapiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka. Mimi hasira zangu ziko karibu, na hasira hasara: nusu saa nzima nilihangaika mbele, kumbe ugonjwa uko nyuma.

Ni mama aliyeugundua, akiongea na dirisha.

"Asubuhi kuna kitu kililia hapa chini yangu kabla gari halijawaka. Sasa kimenyamaza."

Pampu ya mafuta! Niliona aibu. Macho yake yalikuwa yamekwisha, lakini masikio yake yalinishinda. Pampu iko chini ya kiti alichokalia, ikabidi nimwombe mama mkwe ashuke. Nikang'oa kiti, nikafungua kifuniko, nikakuta waya wa asi, ule unaoshikwa kwenye bodi, umeliwa na kutu mpaka umekatika.

Nikakwangua bati kwa kisu. Ila kujaribu kulitaka watu wawili, mmoja akandamize waya, mwingine afungue swichi, na pale tulikuwa sisi wawili tu. Nikauchukua mkono wake nikauelekeza.

"Kandamiza hapo, mama."

"Tata," akaniita, yaani baba, "watu wa nyumbani wakisikia haya..." Akacheka. Nilipofungua swichi akapaza sauti, "Kinalia! Kinalia!"

Nikaukaza waya kwa skrubu, tukafika jina lake likiitwa kwa mara ya pili.

Kesho yake, baada ya upasuaji, wauguzi walipomfungua bandeji, nilikuwa nimesimama mlangoni, nimejisahau kabisa. Mama akainua uso, akatazama upande wangu, mara akajifunika kanga na kugeukia ukutani. Mke wangu akadhani nimemuudhi. Mimi nilitoka nje nikamshukuru Mungu huku nalia, maana alikuwa ameniona.