Jina Juu ya Habari

Leonie Galea alikuwa na kazi nzuri. Kila mtu alimwambia hivyo, na yeye aliichukia kwa moyo wake wote. Alikuwa afisa uhusiano wa Talbrix, kampuni ya simu yenye ofisi za vioo pale Southbank, Melbourne. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno matamu ambayo bosi angeyasema mbele ya watu. Bosi alisifiwa kwa ufasaha, naye Leonie akasimama nyuma ukumbini, kashika chupa ya maji ya bosi.

Chupa haikumuuma. Kilichomuuma ni jina. Zamani jina lake lilikuwa likitoka juu ya habari, kwa herufi nene, "Na Leonie Galea", katika jarida la kompyuta ambalo kila fundi wa jiji lile alilisoma. Mama yake, Mmalta wa kitongoji cha Sunshine, hakuelewa kitu katika habari hizo. Alinunua jarida, akausoma mstari huo mmoja, akalifunga, akawa ameridhika. Siku hizo za Talbrix, akimpakulia pastizzi za moto, zile sambusa za Kimalta za jibini, alimuuliza:

"Mwanangu, kwani umeacha kuandika?"

"Naandika, Mama. Jina ndilo wanaweka la bosi."

"Ala! Bosi hana mikono?"

Leonie alichukua nyingine.

Hakuna mtoto anayesema akikua atakuwa mwandishi wa habari za teknolojia. Waulize wakongwe wa kazi hiyo. Mmoja alikuwa akifundisha hisabati, mwingine alipiga gitaa kwenye baa, na Nev Prowse, rafiki wa Leonie, alikuwa akiuza mashine za kufulia. Leonie alianzia kwenye gereji ya baba yake, fundi televisheni, akimshikia tochi na kukaripiwa mwanga ukitikisika. Alipokua akaajiriwa kuunganisha nyaya za simu. Siku moja akasoma kwenye jarida kwamba modemu fulani ni nzuri ajabu. Yeye alikuwa nayo nyumbani, na ilikuwa ovyo. Akampigia mhariri simu.

"Aliyeandika haya hajawahi kuichomeka."

"Ni mimi niliyeandika," akasema mhariri.

"Basi ni wewe hukuichomeka."

"Unaweza kuja Jumatatu?"

Akaenda Jumatatu, akabaki hadi jarida lilipokufa. Ofisi ilikuwa Richmond, juu ya duka la mikate la Wavietinamu, na harufu ya mkate iliwaingia waandishi hadi kwenye nguo. Walikuwa na sharti lao: kifaa hakisifiwi wala kupondwa kabla hakijalala nyumbani kwa mwandishi, kikashikwa na watoto wenye mikono ya siagi, kikadondoka jikoni. Kisha wakakaa kubishana mpaka chai ikapoa. Mbishi kuliko wote alikuwa Bronwyn Tuckey, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, ambaye yeye na Leonie hawakuiva chungu kimoja hata siku moja.

Matangazo yalipohamia mtandaoni, jarida likafungwa na kila mtu akatafuta ustaarabu wake. Leonie akaenda Talbrix. Wenzake wana neno lao kwa jambo hilo, mwandishi kuhamia upande wa kampuni. Husema "amevuka", tena kwa sauti ile ya chini ya msibani.

Akakaa huko miaka minane, akiwatamani. Nasema kuwatamani, kwa sababu sina neno jingine. Katika kila uzinduzi alisimama nyuma akivitazama visogo vyao kule mbele, akaona wanavyonong'onezana na kuchekana. Bronwyn akiinua mkono, Leonie alishajua swali lenyewe, maana yeye ndiye aliyemwandalia bosi jibu la kulikwepa. Bosi alilikwepa vizuri sana. Siku hizo Leonie alirudi nyumbani bila hamu ya kula.

Mwishowe akamwendea Nev, ambaye sasa alikuwa na tovuti yake ya habari, Bronwyn akiwa mwandishi wake mkuu.

"Nirudishe," akamwambia hata kabla kahawa haijaletwa.

"Mama wee! Na mshahara wa huko?"

"Nimeshaacha kazi jana."

Nev akajishika kichwa. "Wewe mwanamke una wazimu. Haya, nakupa habari moja. Ikisimama imara, unabaki na sisi. Isiposimama, tutabaki marafiki, lakini kazi hakuna."

Bronwyn aliposikia hakuuma maneno. "Waliovuka hawarudi, Nev. Miili inarudi, vichwa vinabaki kule."

Habari yenyewe ilikuwa uzinduzi wa simu ya Velmora, washindani wa Talbrix, kwenye ukumbi wa Docklands. Leonie aliketi mstari wa pili, kati ya Bronwyn na mzee mmoja wa gazeti la Sydney. Alikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitanda chake bado kipo. Msemaji wa Velmora akazungumza kwa mbwembwe, akaiinua simu juu, nyembamba kama biskuti, akanyamaza akisubiri.

Sasa, waandishi hawapigi makofi. Wamekuja kukipima kitu, hawakuja harusini. Anayepiga makofi ni mfanyakazi, mwenye hisa au mke wa msemaji. Hata kifaa kiwe kizuri namna gani, mistari ya mbele hukaa mikono mapajani. Leonie alilijua hilo kuliko jina la mtaa wake. Lakini kule Talbrix kazi yake nyingine ilikuwa kuanzisha: bosi akinyamaza, yeye nyuma anapiga makofi ya kwanza ili ukumbi ufuate. Kwa hiyo msemaji aliponyamaza, mikono yake ikapiga makofi, kwa nguvu, peke yake, katikati ya waandishi.

Vichwa vikageuka. Msemaji akatabasamu hadi jino la mwisho. "Asante, dada wa mstari wa pili! Angalau mmoja kaelewa." Ukumbi ukacheka.

Bronwyn hakucheka, wala hakumtazama. Alikivuta kiti chake pembeni kidogo tu.

Leonie alitamani ardhi ipasuke. Hata hivyo, wakati wa maswali akainua mkono.

"Betri ikichoka, fundi ataifungua hii simu kwa kitu gani?"

"Mteja wetu hatakuwa na haja ya kuifungua, dada."

"Sijauliza kuhusu haja. Nimeuliza ataifungua kwa kitu gani."

"Tutawajulisha," akasema msemaji, akamgeukia mtu mwingine haraka. Katika jibu hilo Leonie aliitambua mara moja kazi ya afisa uhusiano wao aliyesimama kule nyuma, akamhurumia.

Akaondoka na simu moja aliyoazimwa na Velmora. Akaishi nayo wiki mbili kama ilivyokuwa desturi ya Richmond, kisha akajaribu kuifungua kwa bisibisi za marehemu baba yake na kwa mvuke wa birika. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi pande zote. Akaandika hivyo hivyo, bila kupamba. Na chini ya habari, pale ambapo mwandishi hutakiwa kueleza kama aliwahi kula mkate wa kampuni inayotajwa au wa mshindani wake, akaandika: "Mwandishi alifanya kazi Talbrix, washindani wa Velmora, kwa miaka minane. Msemaji alipomaliza hotuba, mwandishi alipiga makofi. Alikuwa bado hajaigusa simu."

Nev akasoma, akakuna shingo. "Habari imesimama. Ila hii ya makofi toa."

"Sitoi."

"Leonie, watakucheka nchi nzima. Hakuna mtu anayeandika vitu kama hivi."

"Ukiitoa hiyo, toa na jina langu juu."

Nev alijua jina lile lilikuwa na maana gani kwake. Akaichapisha habari kama ilivyokuwa.

Leonie alikaa jikoni akiitazama skrini. "Na Leonie Galea." Alidhani atafurahi, lakini alijisikia mtupu moyoni, akiwaza visogo vile na kiti kile kilichovutwa pembeni. Simu ikalia. Alikuwa Bronwyn.

"Nimesoma mpaka chini," akasema, kavu vile vile.

"Najua utasema nini."

"Hujui. Alhamisi kuna uzinduzi mwingine. Nimekushikia kiti, kando yangu."

"Kwa nini kando yako?"

"Ili ukiinua hiyo mikono yako nikuwahi."

Leonie akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio kisichozuilika, na Bronwyn, ambaye hajawahi kumvumilia mtu yeyote, hakukata simu.