Siku Waliponishangilia kwa Kunenepa

Nimeambiwa niongee kwa ufupi kwa sababu foleni ni ndefu na daktari yuko njiani. Nitajaribu. Lakini mkiona narefusha mnivumilie, maana haya mambo bado yananitetemesha nikiyasimulia, na mtu mwoga huongea sana. Mimi ni mwoga, wacha niseme mapema.

Mniite Mama Achieng. Nasuka nywele hapa sokoni Migori, kibanda changu kiko pale kwa watu wa maharagwe. Nimeolewa Ndhiwa, upande wa Homa Bay, na mume wangu ni fundi wa stima. Najua nyote mmeitwa hapa leo kwa sababu ya kilo. Mmeshaambiwa mpunguze ugali, mpunguze mafuta, mtembee. Hayo ni maneno mazuri, siyapingi. Hata mimi niliambiwa, nikayafuata, na bado nusura nizikwe.

Zamani nilikuwa mtu wa mbio. Nilisuka huku napiga domo, vidole vinajiendea vyenyewe, na kanisani niliimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa. Mwili wangu ulikuwa wa kawaida, wa mwanamke aliyeshiba kwake. Shida ilianza baada ya kumwachisha ziwa kitinda mimba wangu. Nilianza kuchoka. Si kuchoka kwa kazi, ni kuchoka kwa kuamka. Nilikuwa nasinzia na kichwa cha mteja mikononi, mpaka mmoja akaniambia, "Mama Achieng, unanisuka ama unanilalia?"

Halafu nikaanza kunenepa. Uso ukajaa, macho yakavimba, pete ikakataa kutoka kidoleni. Vidole vikafa ganzi nikawa siwezi kushika uzi mwembamba. Choo kikagoma. Hedhi ikija ilikuja kama bomba limepasuka. Ngozi ikawa kavu, inapukutika, na nywele zangu mimi msusi zikawa zinabaki kwenye kitana. Sauti nayo ikashuka, ikawa nzito. Wateja walinipigia simu wakadhani ni mume wangu: "Baba Achieng, mkeo yuko?" Kanisani nikahamia nyuma, nikaimba na wanaume. Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini nikifika nyumbani najitazama kwenye kioo naogopa. Yule mtu kwenye kioo sikumjua.

Nikaenda zahanati moja, jina halina haja. Wakanipima uzito. Kijana aliyekuwa pale akaniambia, "Mama, punguza ugali. Jioni kula mboga peke yake. Tembea." Nikapunguza. Ugali ukawa wa kiganja kimoja, jioni sukuma na maji. Asubuhi nikawa natembea mpaka darajani na kurudi, naburuta miguu kama nimefungwa mawe. Niliporudi zahanati, mizani ikaonyesha nimeongeza. Yule kijana akanitazama, akasema, "Mizani haidanganyi, mama. Watu ndio hudanganya."

Wueh! Nililia hapo hapo. Nilikuwa na njaa, wenzangu. Njaa ile ya kunusa chapati ya jirani mpaka mate yanakutoka. Na mtu ananiambia nakula kwa siri! Ubaya ni kwamba hata mume wangu alianza kunichungulia nikienda jikoni. Nikaanza kujishuku mwenyewe, nikijiuliza kama naamka usingizini nakula bila kujua.

Aliyeniokoa mara ya kwanza ni daktari mmoja mama, hapa hapa Migori. Nilimpeleka mtoto mwenye kikohozi. Nilipokuwa namweleza habari za mtoto akanikatiza: "Sauti yako imekuwa hivi tangu lini?" Akanishika mkono. Akauliza kwa nini nimevaa sweta, na nje jua linawaka. Akanigonga kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu ukaruka na kurudi polepole, kama mlango mzito. Akanitoa damu.

Majibu yalipokuja akaniketisha. "Mama, wewe si mlafi wala si mwongo," akasema. "Kuna tezi hapa mbele ya shingo, ndiyo inayouambia mwili uchome chakula, upate joto, moyo upige. Yako imelala. Ndiyo maana unakula kidogo na bado unavimba." Akanipa vidonge vidogo, nimeze kila asubuhi kabla ya chai. "Hivi ni vya maisha," akasema. "Usiache hata ukijisikia mzima."

Nikameza. Jamani, ilikuwa kama mtu amenifungulia dirisha. Macho yakafunguka, sauti ikaanza kupanda, pete ikatoka. Maji yaliyokuwa yamejaa mwilini yakaenda na uso wangu ukarudi, na mifupa yake. Nikapungua. Nilidhani sasa nimefika, kumbe hapo ndipo balaa lilikuwa linanisubiri.

Nilienda Ndhiwa kwa mazishi ya jirani. Mama mkwe akatoka kunipokea, akasimama katikati ya boma. Hakunisalimu. Aliniangalia mashavu, akaniangalia shingo, kisha akashika mdomo. "Yawa," akasema, "nyathina, mwanangu, nini inakumaliza?" Mnajua kwetu mtu akikonda bila sababu watu hawasemi hongera, wanahesabu makosa. Na kosa lilikuwapo. Msimu ule mvua ilikuwa imekuja mapema, na Mama Ouma, mke wa shemeji yangu mkubwa, alikuwa mbali kwa wazazi wake. Kwa desturi yeye ndiye apande kwanza, halafu mimi. Sikumngoja. Niliogopa mvua itanipita, nikatia mbegu shambani kwangu.

"Ni chira," mama mkwe akaninong'oneza jikoni. Wasiojua, chira ni ule ugonjwa wa kumkondesha mtu aliyevunja mwiko, unamla mpaka anabaki kijiti. Nikamwambia, "Mama, ni dawa za hospitali, nilikuwa nimevimba." Akatikisa kichwa. "Dawa gani inamtibu mtu kwa kumkondesha? Nimeona watu wakikonda hivyo. Nimewazika." Alikuwa analia. Ndugu zangu, angenifokea ningebishana naye. Lakini alilia, na hofu yake ikaniingia mimi.

Akaniletea manyasi, zile dawa za mizizi za kuondoa chira, za kunywa na za kuogea. Akasema hayo manyasi na vidonge vya wazungu havikai tumbo moja, niache kimoja. Nami niliyesoma mpaka kidato cha nne nikaacha vidonge. Nilifikiria watoto wangu wakilelewa na mwingine. Nikafikiria, je, kama ni kweli?

Sasa sikilizeni hapa, hapa ndipo penye sumu. Pengo la vidonge halikuonekana siku ile ile. Kwanza sikuhisi kitu, nikasema kumbe naweza. Halafu polepole mashavu yakaanza kujaa. Pete ikakataa kutoka. Nilipoenda tena Ndhiwa, mama mkwe aliniona kutoka mbali akapiga vigelegele. "Amerudi! Mwili umerudi!" Majirani wakaja kunishika mashavu wakimsifu Nyasaye, Mungu wetu. Mama mkwe akachinja kuku, akanipa mapaja yote mawili. Mimi nilikaa pale kwenye kiti, nimevaa sweta kwenye joto la Homa Bay, nimeshikilia paja la kuku kwa vidole vyenye ganzi, nasinzia. Watu wananipigia makofi kwa kupona na ndani nasikia baridi inapanda kutoka miguuni. Nilijua. Mwili wangu uliniambia, na sikuwa na nguvu ya kufungua mdomo kuwaharibia furaha.

Nilibaki kule kwa mavuno. Mvua ikaninyeshea shambani, kikohozi kikanishika. Asubuhi moja sikuamka. Nasema sikuamka lakini nilikuwa nasikia. Hilo ndilo linaniogopesha mpaka leo. Nilisikia mama mkwe akiniita, nikataka kujibu, ulimi ukawa mzito kama kitambaa kimelowa. Nilisikia akisema, "Miguu yake ni baridi." Halafu nikamsikia akianza ile sauti ya kilio, ile ambayo mwanamke wa Kijaluo haianzi bure. Nikasema moyoni, kumbe mtu hufa hivi, akiwa anasikia. Nikaita majina ya watoto wangu ndani ya kichwa, mmoja mmoja, nikiogopa nikiacha nitakuwa nimeenda.

Mengine nilisimuliwa. Mume wangu na Mama Ouma walinipakia kwenye gari la jirani mpaka Homa Bay. Kule kipima joto hakikusoma kitu, muuguzi akadhani kimeharibika, akaleta kingine. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayebisha hodi huku amekata tamaa. Daktari akauliza kama kuna dawa nilikuwa natumia. Mume wangu akasema hajui, alidhani nilimaliza. Ndipo mama mkwe, mama wa watu, mbele ya kila mtu akasema, "Mimi ndiye nilimwambia aache. Nilidhani anakufa kwa kukonda." Mume wangu anasema daktari hakumgombeza. Alimwambia tu, "Asante mama. Umetuambia kitu ambacho kingetuchukua siku nzima kukitafuta." Wakanifunika, wakanipasha joto polepole, wakanipitishia dawa kwa mrija wa puani.

Niliporudiwa na fahamu, wa kwanza kumwona ni yeye, ameketi ameshika mguu wangu ndani ya blanketi. Alisema neno moja tu: "Una joto." Tukalia wote wawili, na Mama Ouma akatucheka huku naye analia.

Sasa nashukuru Mungu, nawashukuru wale madaktari, na namshukuru mama mkwe, ndiyo, yeye pia. Kila asubuhi ananipigia simu kutoka Ndhiwa. Hata salamu hatoi. "Umemeza?" Nikisema ndiyo, anakata. Na msimu huu nilimngoja Mama Ouma apande kwanza. Kuna watu hapa watanicheka. Chekeni. Desturi haikunidhuru. Kilichonidhuru ni kuacha dawa.

Na mnaniona, bado mimi ni mnene. Vidonge viliondoa ule uvimbe, hii nyama nyingine imekataa kuhama, tunapambana nayo mimi na daktari polepole. Kwa hivyo mtu akikwambia ni rahisi, ni kufunga mdomo tu, muulize amekupima nini zaidi ya mizani. Anayepaswa kula kidogo ale kidogo. Lakini ukila kidogo na bado unavimba, usijitukane, rudi useme. Na ukipungua wakakuita maiti, usitupe dawa ili uwafurahishe.

Nimeona daktari ameingia, namaliza. Lakini kuna jambo moja, na nimekuwa naliogopa tangu nianze kuongea. Wewe mama wa sweta ya kijani, hapo nyuma karibu na ukuta. Samahani, sikujui jina. Leo jua linapasua mawe, watu wote hapa wanajipepea, na wewe umejifunga mpaka shingoni. Nimekuona ukisinzia mara kwa mara. Mwenzako alipokuuliza saa umemjibu kwa sauti ninayoijua.

Mpisheni apite mbele yangu kwenye foleni. Njoo, mama. Nipe mkono.

Ni baridi. Daktari, huyu aanze.