Jina Kando ya Picha

Rafiki yangu hakutaka jina lake liandikwe. Tulikuwa wanafunzi watano tuliorudi Butembo baada ya miaka mitatu ya kusomea uchoraji Kampala, na tulikuwa tukitundika picha zetu katika ukumbi wa parokia, wakati mji ukiwa mikononi mwa waasi. Kampala tulifundishwa kwamba picha isiyo na kikaratasi chenye jina la mchoraji ni picha yatima. Nililishika fundisho hilo kama katekisimu.

"Ya kwako, andika," akaniambia. "Ya kwangu, acha vile. Huku jina haiandikwake ovyo, ndugu."

"Donc, basi tulisoma bure?" nikambishia.

Alipotoka kutafuta misumari, niliandika jina lake kwa wino mweusi, kwa mwandiko wangu bora, nikakibandika kikaratasi kando ya picha yake.

Alikuwa amechora kwa mkaa kizuizi cha barabara ya Beni: kamba imekatiza njia, akina mama wamepiga magoti kando ya vikapu vya muhogo, askari mmoja anamkokota mbuzi. Uso wa askari huyo aliuchora kwa uaminifu uliopita kiasi, hata kovu lililoukata unyusi wake.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Mbele ya picha hiyo alisimama mama mmoja, mwuza samaki kutoka kijiji cha Kyavinyonge, akawaita wenzake.

"Bamama, mukuye muone! Huyu mbuzi analia kuliko sisi benye tulipigishwa magoti."

"Mais yeye njo iko na akili," akajibu mwingine, akimtetea mbuzi. "Anajua hii njia inamupeleka mu chungu."

Wakacheka, nasi tukacheka, na kicheko kikatoka madirishani hadi barabarani, ambako doria ya waasi ilikuwa ikipita. Wakaingia askari wanne. Wa kwanza alikuwa na kovu kwenye unyusi.

Aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya kikaratasi, akasoma jina silabi kwa silabi.

"Huyu mutu iko wapi?"

Akageuka, akatutazama mmoja mmoja.

"Mukubwa wa hii kazi ni nani?"

"Ni miye, chef," nikajibu, nikimwita mkuu kama walivyopenda kuitwa.

"Mwenye hii jina?"

"Hayuko, chef. Alirudia Beni."

Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni, hatua mbili tu kutoka barabarani. Kitako cha bunduki kilinipiga mbavuni, kisha kinywani, na jino likateremka kooni pamoja na damu. Askari alipoinua bunduki mara ya tatu, nilitazama mlangoni. Sikusema neno. Nilitazama tu. Askari akageuka, akayafuata macho yangu.

Walimburuta rafiki yangu hadi kwenye ngazi ya saruji.

"Ni hii mukono njo inachoraka?"

"Njo hii," akasema, akaunyoosha wa kuume.

Kitako kilishuka mara nne. Nilisikia mifupa ikivunjika kama muwa gotini. Mama wa samaki alipiga ukelele, akapigwa teke la tumbo, akanyamaza. Mwenye kovu akaibandua picha ukutani, akaikunja polepole bila kuichafua.

"Hii inabaki ya kwangu," alisema. "Sura ni ya kwangu."

Mifupa iliunga vibaya. Vidole vyake viliweza kushika jembe lakini si mkaa. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kwao Beni kumwomba msamaha. Nilimkuta uani, anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Nikazungumza juu ya kikaratasi: kiburi changu, ubishi wangu, masomo yangu ya ng'ambo.

"Kikaratasi nilikwishaka kusamehe," akasema. "Sema ile ingine."

Alisubiri. Kifungo kimoja kilimshinda, akakiacha. Nikamwuliza habari za mama yake.

Bado anaishi Beni, analima, na jioni husoma chochote kinachomfikia. Siku ile ukumbini nilimtazama kwa sababu niliogopa pigo la tatu. Hakukuwa na sababu nyingine.