Vilele Vinne Vyeupe

Kabla sijaanza naomba mnisamehe mwandiko. Kalamu mkononi mwangu huenda polepole kama ng'ombe anayepanda kilima, na shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo mahali nitakapokosea herufi someni tu kile mnachoona nilitaka kusema. Mimi si mtu wa maneno mengi. Hata kanisani nikiambiwa nisalimie watu, husimama, nikataja jina, nikakaa. Lakini kuna jambo la utotoni ambalo sijawahi kumwambia mtu kwa mdomo, nikaona labda likipita mkononi litatoka.

Enzi zetu kule Endarasha, mwezi wa saba ulikuwa mwezi wa kweli. Ukungu haukusimama nje kama mgeni, uliingia mpaka jikoni ukakaa na sisi. Tulienda shule na viazi viwili vya kuchoma, kimoja katika kila mfuko wa sweta, na havikuwa vya kula kwanza, vilikuwa vya kupasha mikono. Vikishapoa ndipo tulivila, na majivu yake na nyuzi za sweta zilizonata juu. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka harufu ya darasa lenye watoto hamsini waliolowa, moshi na kondoo na sufu mbichi, na mwalimu akifungua dirisha tunalia baridi, akilifunga analia yeye. Mapumziko tulicheza kati, mmoja katikati akikwepa mpira wa karatasi za nailoni, na ukipigwa nao sikioni asubuhi ya baridi, unasikia kengele ambayo haijagongwa.

Tuliishi watatu: Mama, Shosho na mimi. Shosho alikuwa mama yake Mama, na kwa desturi yetu mimi nilipewa jina lake, Wangechi. Kwa hiyo Mama aliniita "Mami", kwa kuwa nilikuwa mama yake pia, na Shosho akitaka kunituma alisema, "Wangechi, hebu niitie Wangechi," kisha anacheka peke yake. Mama alikuwa akishinda kwenye mashamba ya watu, akipalilia viazi na njegere. Mimi nikitoka shule nilikaa na Shosho, ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kutembea tangu nikiwa mdogo sana. Macho nayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu wao.

Hapo mlangoni, kwenye kigoda, ndipo aliponifundisha kushona blanketi la viraka. Nisiwadanganye kwamba nilitaka. Nilitaka kwenda kucheza brikicho, kujificha na kutafutana, na binamu yangu Muthoni, lakini Shosho alikuwa amezaa watoto saba na akashona blanketi saba, na macho yalimwambia kwamba la nane, lake mwenyewe, halitaisha bila mikono mingine.

Vitambaa vilitoka kwa fundi wa nguo pale sokoni, mabaki ya sare za shule, kijivu na maruni na kijani, vipande ambavyo hata yeye hakuona vya kufanyia nini. Katikati tuliweka sweta kuukuu, zilizotoboka viwiko, tukazifumua mikono na kuzilaza bapa. Chini ilikuwa nguo ya magunia ya unga, iliyofuliwa mpaka maandishi yakafa. Uzi tuliupata kwenye midomo ya magunia ya sukari. Ukijua ncha ya kuvuta, wote unatoka mara moja kama mtu anayesema ukweli. Shosho alikuwa ameviringisha uzi wa miaka mingi kwenye gunzi la mahindi. Kidoleni alifunga kipande cha ngozi ya kiatu cha kusukumia sindano, nami akanikatia changu.

Miezi ya kwanza sikugusa blanketi. Nilishona mstari kwenye kipande cha gunia. Mshono ukiisha, Shosho anatoa punje ya ngano mfukoni mwa aproni, anailaza kando ya mshono, anapapasa kwa kucha. Mshono ukizidi punje, anasema neno moja.

"Fumua."

"Lakini Shosho, umezidi kidogo tu."

"Kidogo tu ndiyo mlango ya baridi. Baridi haina macho, lakini inajua mahali umelegeza. Fumua."

Nilifumua mistari mingi kuliko niliyoshona. Vidole vilitoboka mpaka nikashindwa kushika chaki. Muthoni akipita na kamba yake ya kuruka husimama kwenye ua na kuniimbia, "Shosho kidogo! Hebu tuone mvi! Meno bado iko?" Nami kwa aibu nainamisha uso, sindano inaingia kidoleni tena.

Siku hizi nikiona vijana wakivua shati lililokatika kifungo kimoja na kulitupa kama lililokufa, nacheka, halafu sicheki.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kila asubuhi, kabla wingu halijaufunika ule mlima wetu wa theluji, Shosho aliniuliza kutoka kitandani, "Umetoka?"

"Umetoka, Shosho."

"Ni mweupe?"

"Ni mweupe mpaka mabegani."

"Basi, kuna mwenyewe," anasema, akimaanisha Mungu, ambaye wazee walisema hukaa huko juu, na ndipo anakubali uji. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na iliniuma kwamba alikuwa ananiuliza mimi kitu alichokiona maisha yake yote. Nikaamua kumshonea mlima kwenye blanketi, aupate kwa vidole. Nilikata pembetatu nne za kijivu, milima minne midogo ya kupanga katikati, mmoja kwa kila mtu wetu na mmoja wa ziada kwa babu aliyekufa. Lakini vilele havikuwa na kitambaa cheupe. Mabaki ya fundi hayakuwa na nyeupe hata kidogo, maana mashati ya shule yalinunuliwa yakiwa tayari.

Chini ya kitanda cha Shosho kulikuwa na sanduku la bati. Ndani, chini kabisa, ndani ya gazeti lililogeuka rangi ya chai, kulikuwa na kitambaa cheupe cha mraba, kimepigwa pasi na kukunjwa. Sikuwa nimewahi kumwona nacho kichwani, kwa kuwa kanisani alikuwa haendi tena. Nilijiambia kwamba kitu kisichovaliwa hakina kazi. Nilikata vipande vinne katikati yake, nikakirudisha kwenye gazeti.

Je, nilijua? Jumapili zote niliwaona kina mama wa kanisa wamefunga vitambaa kama hicho. Kila mwana Endarasha anajua kwamba mwanamke hupewa kitambaa hicho siku ya kula kiapo mbele ya madhabahu, na kwamba hakirithiwi na binti wala mkaza mwana. Huenda nacho kaburini. Nilijua, nami sikujua. Mpaka leo siwezi kuapa upande wowote.

Nilishona siku nne, na mara ya kwanza maishani mwangu kila mshono ulitoka mfupi kuliko punje. Nikamwekea Shosho magotini.

"Papasa, Shosho. Ni mlima."

Akapapasa kijivu, akatabasamu. Akatoa punje yake, akapima, akapima tena. "Haiya, Wangechi! Hii sasa ni mshono." Kisha kidole kikapanda kileleni. Kikasimama. Akakisugua kile kitambaa kati ya kidole na kidole, kama mtu anayejaribu unga. Tabasamu likaondoka usoni polepole, nami nikaliona likiondoka.

"Umekata ngapi?"

"Nne."

Kuku waliingia ndani wakatoka. Nilingoja aite Mama anichape. Muthoni alikuwa akiruka kamba nje akihesabu.

"Mama yako akijua atakuua," Shosho alisema. "Usimwambie. Mimi na wewe ni jina moja. Nikikushtaki, nimeshtaki nani?" Akalaza mkono wote juu ya vilele. "Sasa umeshona vizuri, siwezi kukuambia ufumue. Wacha ikae. Siku yangu ikifika utafumua wewe mwenyewe, unirudishie. Uzi kwa uzi. Usikate na makasi tena, umesikia? Hiyo imekatwa ya kutosha."

Niliahidi. Akaniambia nitie kilichobaki ndani ya foronya ya mto wake, na miaka minne alilala juu ya kitambaa chenye matundu manne, chini ya blanketi lenye vilele vinne. Hakulitaja jambo hilo tena. Asubuhi tu aliuliza, "Ni mweupe?" na mimi najibu huku nikitazama blanketi badala ya mlima.

Alikufa mwezi wa saba, nikiwa darasa la nane, katika hospitali ya Nyeri mjini. Siku mbili kabla ya mazishi, jioni, kina mama wa kanisa walikuja kuchukua nguo za kumvalisha. Mwenyekiti wao alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe bondeni.

"Mama Nyambura alikula kiapo na sisi siku moja," alimwambia Mama, ambaye ndiye Nyambura mwenyewe. "Kitambaa yake iko wapi?"

Mama alimwaga sanduku lote kitandani. Akatikisa gazeti tupu. Akatafuta nyuma ya kabati, akatafuta jikoni mahali ambapo hakuna mtu angeweka kitambaa, huku akilia na kujiita mpumbavu.

"Tutamzika kichwa wazi?" mwenyekiti alisema. "Kama mtu hakuwa wetu? Nyambura, tafuta. Gari ya mochari inaondoka kesho saa nne."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Maneno yalikuwa mdomoni, yote. Niliwamiminia chai.

Alfajiri ilipopambazuka nilichukua blanketi na foronya nikakaa nyuma ya zizi la kondoo, ukungu ukinilowesha nywele. Nikaanza kufumua. Jamani, ninyi mnaoshona mtanielewa. Mshono mbaya hufumuka kwa kuvuta. Mshono mzuri hukataa. Kila nilichofundishwa kilikuwa kimesimama dhidi yangu. Miguu ya uzi ilikuwa imezama ndani ya nguo nisiione, nikaitafuta kwa ncha ya sindano, mmoja mmoja, nikisikia "Fumua" masikioni, lakini hakukuwa na mtu wa kusema. Kilele cha kwanza kikatoka. Nikakishona penye tundu lake. Hakikutosha sawasawa, kwa kuwa kila mshono hula nguo, kitambaa kikajikunja kidogo. Cha pili. Cha tatu. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukungu niliposikia honi barabarani.

Mama alinikuta hapo. Akatazama kitambaa, akatazama blanketi, na nikaona akielewa yote, kutoka mwisho kurudi mwanzo.

"Mami," alisema. "Ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na Shosho alijua?"

Nikaitikia tena. Honi ikalia. Mama akachomoa makasi kwenye aproni, akanipa. "Kata hiyo imebaki. Haraka!"

"Alisema nisikate."

"Gari inaenda!"

"Alisema uzi kwa uzi, Mama."

Sikuwahi kumbishia kabla ya siku hiyo. Alisimama na makasi yake hewani. Halafu akanipokonya kitambaa jinsi kilivyokuwa, na tundu moja, akakimbia nacho.

Siku ya mazishi jeneza lilipofunguliwa nilimwona Shosho. Walikuwa wamekifunga kitambaa vizuri, tundu likafichwa chini ya fundo. Mwenyekiti aliinama kukinyoosha, akapitisha kidole kwenye mshono wangu. "Nani alirekebisha hii?" akauliza kina mama. "Angalieni. Ni kama mkono ya Mama Nyambura mwenyewe." Mama alinitazama akingoja niseme. Nilitazama viatu vyangu. Ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa, na sikuipokea.

Sasa mimi ni mtu mzima kidogo, naishi Kutus, kwenye joto upande mwingine wa mlima. Nasaidia kwenye duka la fundi, kazi yangu ni vifungo na upindo, vile vitu ambavyo cherehani haina subira navyo. Wasichana wenzangu wa dukani huniuliza kwa nini nisitumie gundi. Mtoto wa Muthoni, ambaye siku hizi ananijia likizo, aliliona blanketi langu akauliza, "Anti, hii iliraruka mara ngapi?" Nilicheka mpaka nikashindwa kumweleza. Wao wana blanketi za dukani, laini kama paka, zenye picha ya simba, na baada ya mwaka mmoja simba ana upara. Napima mishono yangu kwa punje ya mchele, kwa kuwa huku ngano haipatikani. Lakini punje ya mchele ni ndefu. Shosho asingekubali.

Huku chini hakuna baridi ya kulihitaji lile blanketi, kwa hiyo limekunjwa ndani ya gazeti. Milima mitatu haina vilele, sweta kuukuu linachungulia. Mmoja una kilele cheupe. Asubuhi natoka nje ya duka nautazama mlima wenyewe, kwa upande huu, na najiuliza kwa sauti ya mtu mwingine, "Ni mweupe?" Enzi zile nilijibu mpaka mabegani. Siku hizi kuna weupe kidogo tu umeshika mwambani, kama kipande ambacho mtu hakuwahi kukimaliza kabla gari halijaondoka.

Niliahidi kurudisha vinne, nikarudisha vitatu. Kila mwezi wa saba nalitoa blanketi, nafumua mishono miwili ya kile kilele, nikifikiria kwenda Endarasha kukifukia kwenye kaburi la Shosho, pale kichwani pake. Kisha naogopa kubaki bila chochote, na ninaishona tena ile miwili, midogo kama zamani. Kama kwenu kuna mtu aliyebaki na kitu cha marehemu, akakirudisha au akakataa kukirudisha, niandikieni mniambie alifanyaje. Mwandiko mbaya si neno, nitausoma polepole. Mwezi wa saba unakaribia, na sindano nimeshaitunga uzi.