Dereva Anayemlilia Nyangumi

Dereva wa lori anayetuletea simenti Oraba kutoka Mombasa hanywi chai anayouza Paska kabla hajafuta kikombe kwa leso, wala hamalizi kikombe kabla hajamlilia nyangumi. Nyangumi huyo alikwama ufukweni, mrefu kuliko foleni ya malori hapa mpakani, naye dereva alimmwagia maji kutwa nzima kwa mikono yake hiyo, laini kama ya bwana harusi. Machozi humtoka kweli. Mwezi uliopita yalikuwa bado yanamtoka wakati Paska alipomwomba ampeleke binti yake Poni hospitali Arua, maana uchungu wa kuzaa ulikuwa umembana na lori linarudi tupu.

"Mama, kiti yangu iko mpya," akasema. "Itachafuka."

Paska akachukua ndoo, akammwagia Poni maji tumboni. "Sasa ona, dereva. Hii mutu pia imekwama."

Wabadili fedha wa mpakani walimcheka dereva mpaka akafungua mlango, ila alitandika nailoni kwanza. Poni alijifungua mtoto mmoja kabla hawajafika Koboko, dereva amejificha nyuma ya tairi. Siku hizi nyangumi hatajwi tena. Dereva husimulia jinsi alivyomzalisha mwanamke njiani, peke yake, na kufikia wiki jana watoto walikuwa mapacha.