Muuguzi Asiyesema Pole

Muuguzi wa wilaya hasemi "pole". Kila akija kwa Taisto, ambaye ugonjwa wa sklerosisi unamla ganda la neva mwaka wa tatu sasa, huvua glavu, humshika vifundo vya miguu kwa vidole vyake vya baridi, kisha humtaka autaje ugonjwa. "Si 'kile kitu', mzee. Kina jina." Jumamosi moja alimkuta nje, kwenye ngazi yenye theluji ya sauna, kibanda cha kuogea mvuke, amejifunga taulo, miguu haimtii, mkewe Tellervo analia mlangoni.

"Shambulio la ugonjwa limerudi," alisema Taisto. "Sasa ni kiti cha magurudumu."

"Umekaa kwenye mvuke kama kijana, halafu unausingizia ugonjwa? Shambulio hukaa siku nyingi. Hili ni joto, limezilegeza neva. Ukipoa, miguu itarudi."

"Unanifariji tu."

"Mimi?" Akaketi kando yake kwenye theluji, mkono kifundoni, mpaka kidole gumba cha mguu kikacheza. Taisto akashusha pumzi.

"Na siku likirudi kweli?"

"Nitakwambia ni shambulio," alijibu, akivaa glavu. "Nitakwambia wewe kwanza, na sitanong'ona."